Euphrasia wa Mtaa wa Mchikichi na Wajane Wasiokuwa na Barua

Alizaliwa Kibosho, Kilimanjaro, mwaka 1911, mvua za masika zikiwa zimekolea, mtoto wa tano wa mzee aliyelima kahawa na migomba. Walimbatiza siku ya tatu kwa haraka, maana alikuwa mdogo mno na kifua chake kikilia kama kuna kifaranga ndani, na bibi yake alishasema kwamba huyu hafiki Pasaka. Alifika. Akakua akikohoa, akasoma miaka minne kwa masista, akajua kusoma, kushona na katekisimu yote kwa moyo. Alipotimiza miaka kumi na sita aliomba kuingia utawa. Masista walimpenda, lakini daktari wao alimwekea sikio mgongoni, akasema kifua hiki hakitavumilia maisha ya konventi, kuamka alfajiri na kufunga na kazi za shamba. Wakamrudisha kwao. Naliandika jambo hili mwanzoni kabisa ili lijulikane: mwili wake ulishasema mapema, na watu walishasikia. Sisi tuliokuja baadaye ndio tuliojifanya hatujui.

Mwaka 1931 aliolewa na Desideri, kijana wa kwao aliyeendesha lori, na mwaka 1936 wakahamia Dar es Salaam. Walipanga vyumba viwili na ua katika Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, karibu na soko kiasi kwamba makelele ya wachukuzi yalikuwa kama saa yao ya kuamkia. Desideri alibeba shehena za wenye maduka, Euphrasia akashona nguo barazani. Walizaa watoto wawili na wote wakafa wachanga. Vita ilipokuja, Desideri aliandikwa keya, jeshi la Waingereza la huku Afrika Mashariki, kwa sababu ya udereva wake, akapelekwa Burma na hakurudi. Mwezi wa tano mwaka 1944 serikali ilileta barua yenye jina lake, namba yake na mahali alipozikwa. Euphrasia alilia siku zake, watu wakakaa naye matanga, akavaa nyeusi mwaka mzima kisha akaivua. Alikuwa mjane, na kila mtu alijua kwamba ni mjane.

Wito wake haukuja kanisani. Ulikuja bomani mwaka 1946, alipokwenda kuchukua sanduku la nguo za marehemu. Alifuatana na Celina, muuza ndizi wa sokoni, mwenzake wa Kibosho. Walikuta benchi refu limejaa wanawake, na kila mmoja akiingia kwa karani alitoka baada ya muda mfupi, ameambiwa arudi mwezi ujao. Hao ndio waume zao walikuwa hawajafa wala hawajarudi. Walikwenda vitani, wakaandika mara moja au mbili, kisha kimya. Vijijini mashemeji walisema kaka yetu amekufa, mke ni wetu. Wanawake wakikataa walisukumwa nje, na wakitaka kumlilia mume waliambiwa huwezi kumlilia mtu asiyekuwa na maiti wala barua. Wengine walikuwa wameketi hivyo miaka mitatu, si wake wala wajane. Celina anasema kwamba Euphrasia alilikumbatia lile sanduku akasema, "Mimi nimepewa mume wangu aliyekufa. Hawa hawajapewa hata huyo." Siku ileile aliwachukua wawili wao nyumbani kwake.

Ndivyo ilivyoanza kazi ya kujitolea ambayo nyinyi wasomaji mnaifahamu. Walikuwa wanawake wanne: Euphrasia, Celina, Sofia, jirani yake Mwislamu, Mmanyema, ambaye mikono yake ilikuwa haijui kupika chakula kidogo, na Ranjanben, mke wa Kantilal mwenye duka la vitambaa. Huyu Ranjanben alikaa Upanga lakini alizaliwa Bagamoyo, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha Wachaga wote wawili, jambo ambalo hakuacha kuwakumbusha. Alileta vyerehani viwili na vipande vya kitambaa, akafundisha kukata na kushona. Kila Jumanne na Alhamisi mwanamke yeyote wa askari aliyefika alikalishwa, akapewa uji, na hakuulizwa neno mpaka bakuli liwe tupu. Akitaka kulala, alikuwapo mkeka chumbani kwa Euphrasia. Wengi walilala kwanza, mchana kutwa, kama watu waliotoka safari ya miguu. Baadaye alisimulia yaliyompata, akafundishwa kazi, na wao wakaanza kumtafutia habari za mumewe kwa askari waliorudi.

Sasa niseme habari ya mgomba. Kule kwa kina Euphrasia, mtu akipotea mbali na maiti yake isipatikane, wazee hukata kigogo cha mgomba, wakakivika nguo ya huyo mtu, wakakizika kwa heshima zote, na msiba ukaisha. Euphrasia aliona kwamba wanawake wake hawakosi mume tu, wanakosa msiba. Akaanza kuwafanyia hivyo huko Buguruni, katika shamba la Celina, wakati ambapo Buguruni ilikuwa minazi na mihogo tu. Padre wa parokia hakupenda. Alimwambia kwamba Kanisa halisomi misa ya mgomba. Euphrasia alitii, hakumwita tena, ila aliomba ruhusa ya kusali rozari pale, naye Padre akakubali kwa sharti moja: asizikwe mtu bila shahidi aliyemwona amekufa. Mwanamke akitaka kuolewa tena kanisani, shahidi huyo aape mbele ya Padre, naye ataandika kwa Askofu. Lilikuwa sharti la haki. Lingefuatwa kwa moyo wote, nisingekuwa na onyo la kuandika.

Shahidi alipatikana. Aliitwa Fikirini, askari aliyerudi kutoka Burma, sasa mchukuzi sokoni Kariakoo, mtu mpole na mwenye nguvu za ajabu. Alijua majina ya vikosi na mahali walipopigana. Mwanamke alipoletwa mbele yake alitaja jina la mumewe, na Fikirini aliinamisha kichwa, akafikiri, mara nyingi akasema ndiyo, nilimwona, aliangukia mtoni akafa, hakuteseka sana. Yule mwanamke alilia, wakazika mgomba, na usiku ule akalala. Kwa miaka minne hivi alitoa ushahidi kwa wanawake kumi na tisa, bila kumhesabu huyu nitakayemtaja sasa.

Mwaka 1948 alifika Mektilda kutoka Songea. Mumewe, Marcelino, alikuwa amenyamaza tangu mwaka 1944. Shemeji zake walimgawa kwa mdogo wa mume, akakataa, akatembea hadi kwenye barabara ya malori akiwa na kanga moja na shati la mumewe. Alikuwa hodari wa cherehani kuliko wote, na mwenye ulimi. Sofia alipomtania kwamba anakula kama askari, alijibu kwamba yeye ndiye askari, kwa maana aliyekwenda vitani ni mume na aliyepigwa ni yeye. Lakini usiku hakuwa akipata usingizi. Alisubiri miaka miwili. Severine, fundi viatu kutoka Kilimanjaro, mkatoliki mwema, alimpenda na alitaka kumwoa kwa heshima, naye akamwambia kwamba hawezi kumjibu, hajui yeye ni mke wa nani.

Wakati huo Euphrasia alikuwa amechoka. Nisikilizeni vizuri hapa, akina mama, kwa sababu wanaosimulia habari zake hupita haraka mahali hapa. Wanawake walikuwa wengi kuliko siku za juma. Walikuja hata siku zisizo zake, na hakufunga mlango. Alikuwa akilala kitini kwa sababu mkeka na kitanda vilikuwa na watu. Alitema damu mara mbili, akaificha kwenye leso. Tulipomwuliza alisema hajambo, nasi tuliridhika, maana tulipenda kumwona hajambo. Siku moja mwaka 1950 Fikirini aliitwa kwa ajili ya Mektilda. Akainamisha kichwa, akasema ndiyo, huyo Marcelino yeye alimwona kwa macho, aliangukia mtoni akafa, hakuteseka sana. Alipokwisha kuondoka, Ranjanben aliuliza bila kuinua macho kwenye kitambaa, "Huo mto una maji kiasi gani? Waume wote wamefia humo." Euphrasia alimsikia. Alijibu kwamba kesho atamwuliza Fikirini tena, taratibu, wakiwa wawili. Kesho hakumwuliza. Kulikuwa na mgonjwa wa homa, kulikuwa na nguo za kushona, na Mektilda alikuwa amelala saa kumi na nne mfululizo kwenye mkeka. Keshokutwa hakumwuliza pia. Wakazika mgomba Buguruni ukiwa umevikwa shati la Marcelino, Euphrasia mwenyewe akifunga vifungo. Fikirini akaapa kwa Padre, ruhusa ikaja, na mwaka 1951 Mektilda akafunga ndoa na Severine kanisani. Kufikia mwaka 1954 walikuwa na mtoto wa kiume anayetembea na wa kike wa mgongoni.

Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa nane mwaka 1954, saa nne asubuhi. Wanawake kama kumi walikuwa wakishona barazani. Akaja mtu mrefu aliyekonda, upande wa kushoto wa uso umeungua mpaka shingoni, sikio hakuna. Alipiga hodi kwa adabu, akasema sokoni ameambiwa kwamba nyumba hii inawajua wake wa askari wote, naye anamtafuta mkewe, Mektilda wa Songea. Euphrasia akamwuliza yeye ni nani. Akataja jina lake na namba yake, kama askari walivyozoea. Sofia, aliyekuwa akikoroga uji, aliuacha mwiko ndani ya sufuria.

Euphrasia alimpa kiti na maji. Alipomaliza kunywa alimwambia wazi, "Baba, sisi tulikuzika."

Yule mtu alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, upande wa pili haukuweza. "Mlinizika wapi?"

"Buguruni, shambani kwa huyu Celina."

"Ni pazuri?"

"Pana minazi. Pana kivuli."

"Basi mlinitendea vizuri," akasema. "Mimi mwenyewe nilijizika kwenye mkonge."

Akaeleza kwamba lori lake liliwaka moto, akalala hospitali huko India muda mrefu, akashushwa Mombasa mwaka 1947. Alipofika Tanga alijiona kwenye kioo cha duka, akaona hawezi kumpelekea mke uso ule. Akawa mlinzi katika shamba la mkonge miaka saba. Hakuandika barua. Sasa kifua kilikuwa kimeharibika, na alitaka kumwona mkewe mara moja kabla hakijamzima. Alikuwa hajui lolote la Severine wala la watoto, na Euphrasia alikuwa bado hajamwambia, kwa maana Celina alikuwa amekwisha kutoka mbio kumwita Mektilda.

Mektilda akaja, mtoto mgongoni. Alisimama mlangoni akamtazama yule mtu muda mrefu. Kila aliyekuwapo alijua kilicho hatarini: nyumba yake, mume wake, watoto wake, na jina lao mitaani. Akasema, "Simjui mtu huyu."

Marcelino alimtazama yeye, akamtazama mtoto. Akainuka. "Ni kweli," akasema, "nimekosea nyumba. Samahanini, akina mama." Akashika fimbo yake akaenda zake. Mektilda naye akageuka, akarudi nyumbani kupika.

Ndugu zangu, jambo lilikuwa limekwisha. Hakuna aliyepoteza kitu ila yule mtu, na yeye mwenyewe alikubali. Celina alisema Mungu amewavusha. Sofia alisema yaishie hapo, mwenyewe amesema kakosea nyumba, sisi ni nani tumbishie. Euphrasia alikaa na kitambaa magotini. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu na alionekana wa sitini. Wangemwacha alale siku ile, angelala. Badala yake alisema maneno ambayo Ranjanben ameyashuhudia, na ndiyo ninayoyaona makubwa kuliko yote katika maisha yake: "Niliitikia uongo mara ya kwanza kwa kuchoka. Nikiitikia na leo, itakuwa kwa kupenda."

Akavaa viatu, akaenda kumfuata. Sokoni wachukuzi walisema mtu mwenye uso ulioungua ameshika njia ya Magogoni. Ranjanben alikwenda naye, amemshikia mwavuli, maana jua lilikuwa kali, na mara tatu walisimama ili Euphrasia apate pumzi. Walimkuta kwenye mteremko wa kivuko, kati ya mikokoteni na vikapu vya kuku, akingoja chombo cha kwenda Kigamboni.

"Rudi nyumbani kwangu," Euphrasia akamwambia.

"Mama, si umemsikia? Hanijui."

"Amesema hivyo kwa ajili ya kosa langu. Ukivuka maji haya atakuwa anasema hivyo kila siku mpaka afe, na kila siku atajua kwamba anaongopa. Sikuwatoa wanawake kwenye benchi la bomani ili nimkalishe huyu kwenye jingine."

Palepale kwenye mteremko akamwambia yote: Fikirini, mgomba, ndoa, watoto wawili, na ile kesho ambayo hakuuliza. Marcelino alisikiliza. Kisha akauliza kama Severine ni mtu mwema. Akaambiwa ndiyo. Chombo kikaja, kikapakia, kikaondoka, naye alikuwa bado amesimama. Wakarudi naye Mtaa wa Mchikichi, akapewa chumba cha uani.

Yaliyofuata yalimgharimu Euphrasia vitu vyote alivyokuwa navyo, na hakuwa na vingi. Mwanamke mjane kukaa na mwanamume ndani ya ua mmoja, mtaa mzima ulisema. Chama cha akina mama kanisani kilimwondoa katika uongozi wa sala, nami nilikuwa mmoja wa walionyosha mkono, Mungu anisamehe. Sokoni walimwita Mama Mgomba. Wachuuzi walimwuliza leo anamzika nani, yuko hai au wangoje kidogo. Alijibu salamu tu, akaendelea na njia yake. Severine alifika barazani, mtu ambaye hakuwahi kupaza sauti, akamwambia, "Wewe ndiye uliyenipa mke, na wewe ndiye unayeninyang'anya." Euphrasia hakujitetea. Alisema, "Ndiyo," na Severine akaketi ngazini akalia, naye akaketi karibu naye mpaka alipomaliza.

Fikirini aliitwa, safari hii wakiwa wawili wa kumsikiliza. Hakukana. Alisema wanawake walikuwa wakimwomba kwa macho, na kila aliposema ndiyo aliona wanapona, basi akawa hana nguvu ya kusema sijui. Wengine aliwajua kweli. Wengine hakuwahi kuwaona. Wachache hakukumbuka tena kama aliwaona au la. Euphrasia hakumfukuza. Alimwambia kwamba wana nyumba kumi na tisa za kwenda.

Wiki tatu Mektilda hakukanyaga pale. Siku moja, mchana, aliingia uani na sahani ya ugali na kisamvu, akaiweka mbele ya Marcelino, akaondoka. Kesho yake alileta nyingine akachukua ile tupu. Ikawa hivyo siku nyingi. Halafu siku moja Marcelino alisema kisamvu kimekosa chumvi, na Mektilda akamjibu kwamba miaka kumi ya kimya haijampunguzia ubishi. Sofia, aliyekuwa kwenye jiko, anasema ndipo alipojua kwamba yule dada amerudi katika akili zake. Siku hiyohiyo Mektilda alikwenda kwa Padre, akamwambia kwamba alimkana mumewe mbele ya watu kumi na anataka kusema mbele ya walewale kwamba anamjua. Akasema. Sheria ya Kanisa ilikuwa wazi na Padre hakuipinda: ndoa ya pili haikuwa ndoa. Lakini Marcelino alimwambia Padre kwamba yeye hadai mke wala nyumba, anadai mahali pa kufia tu. Kwa hiyo Mektilda na Severine waliagizwa waishi kama kaka na dada, walee watoto wao, na Mektilda amhudumie mumewe mgonjwa mchana. Walikubali. Walivumilia zaidi ya mwaka mmoja. Marcelino alifariki Januari mwaka 1956, Mektilda amemshika mkono, akazikwa makaburini na Padre kwa misa, jeneza lake alilitengenezea vishikio vya ngozi Severine. Baada ya Pasaka Mektilda na Severine walifunga ndoa upya katika misa ya asubuhi, bila sherehe, mtoto mkubwa akiuliza kwa nini mama anaolewa tena na baba.

Wakati huo wote Euphrasia alikuwa akizitembelea zile nyumba. Alikwenda na Fikirini, kwa miguu, Ilala, Magomeni, Keko, hata ng'ambo Kigamboni, na kila mlangoni alisema mwenyewe kwamba kifo walichomwambia mwanamke yule hakina hakika. Wenzake walimsihi aache. Walisema hao wanalala, kwa nini uwaamshe. Alisema atakayewaamsha siku nyingine anaweza kuwa mume mwenyewe mlangoni, na hapo hawatakuwa na mtu wa kuwashika. Mmoja alimmwagia maji ya vyombo. Mmoja alimkumbatia. Mmoja, mwenye watoto watatu wa mume mpya, alisema tu, "Nilikuwa nalala, Euphrasia," na neno hilo lilimwumiza kuliko yale maji. Fikirini alisimama nyuma yake kila mahali, na alipoulizwa alisema ni kweli, mimi ndiye. Waliwaandikia wakubwa wa jeshi upya kwa ajili ya wote kumi na tisa, barua alizoandika Ranjanben, na kwa kumi na mmoja majibu ya kweli yalikuja. Wote kumi na mmoja walikuwa wamekufa. Wanane hawajulikani mpaka leo, na wake zao wanajua kwamba hawajulikani.

Kwaresima ya mwaka 1958 kifua kilimshinda. Ranjanben alimpeleka hospitali, akakaa siku tisa, akaomba arudishwe nyumbani. Alipokea sakramenti akiwa na akili timamu. Celina, Sofia na Ranjanben walikuwapo, na Mektilda alikuwa akimpepea. Mmoja wao akaanza kumsifu kwa jinsi alivyojichosha kwa ajili ya wengine. Euphrasia akamkatiza, ingawa pumzi ilikuwa haba. "Msisifu kuchoka kwangu," akasema. "Nisingechoka, ningemwuliza." Akafariki tarehe kumi na nne Machi, adhuhuri, soko likiwa limechangamka, na wachukuzi waliposikia waliweka mizigo chini bila kuambiwa na mtu.

Yako mambo yanayosimuliwa. Wanasema kwamba wanawake ambao hawakuwahi kulala kwa miaka walilala kwenye mkeka wake, na hilo nimeliona kwa macho. Wanasema kwamba mkeka huo, ambao sasa anao Mektilda, bado unalaza wenye huzuni, na kwamba mama mmoja wa Keko, aliyenyamaza tangu habari ya mwanawe aliyepelekwa vita ya Malaya, aliamka juu yake akaomba uji. Yule mama namjua, na anasema. Lakini Kanisa halijatamka neno juu ya Euphrasia, nami silitangulii.

Kazi yake inaendelea palepale Mtaa wa Mchikichi, chini ya Celina na Mektilda, na kanuni aliyoiacha inashikwa. Ushahidi husikilizwa na wanawake wawili, siku mbili tofauti, na mmoja wao lazima awe ametoka kupumzika nyumbani kwake. Anayejitolea siku mbili, ya tatu hafiki, hata akiomba. Wengine wanaona ni uvivu. Si uvivu. Kuna mtu aliyezikwa akiwa hai kwa sababu ya mwanamke mwema aliyekosa usingizi.

Basi mwigeni Euphrasia, akina mama, na waacheni mabinti zenu wamwige. Waacheni watoe uji bila kuuliza, waacheni wamfuate mtu mpaka kivukoni kwa ajili ya kweli, waacheni waseme "ndiyo" wanapokosa, kama alivyomwambia Severine. Lakini binti akirudi jioni kutoka huko, macho yamezama, akakwambia kwamba hajachoka, usimwamini kama tulivyomwamini yule. Usimsifu mbele ya majirani. Mnyang'anye ndoo mkononi, mpe chakula, mfungie mlango alale, na kesho wakija kumwita, toka wewe uwaambie hayupo.